Alama ya X, tingatinga na hundi: Sera ya tabianchi ndani ya Bonde la Msimbazi

Kila masika yakishika kasi, simu zetu huku ughaibuni hupokea picha zile zile kutoka Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa yamepanda juu ya lami, askari wamesimama upande wa Magomeni na upande wa Fire, mabasi yamepanga foleni, na watu wamekunja suruali wakipima kama wavuke kwa miguu au warudi nyumbani. Picha hizo zisipokuwa na tarehe, mtu hawezi kujua kama ni za 2011, za 2018 au za 2024.

Maji ni yale yale. Kinachobadilika ni jinsi serikali inavyowatendea watu wanaoishi pembeni mwa maji hayo. Bonde la Msimbazi limeona sera tatu tofauti tangu 2011, zote chini ya chama kile kile na sheria zile zile: kwanza walipewa kiwanja na hema, kisha wakapelekewa tingatinga, kisha ikaja hundi. Anayetaka kujua jinsi serikali za nchi zetu zinavyotunga sera za kuhimili mabadiliko ya tabianchi atajifunza mengi zaidi hapo Jangwani kuliko kwenye hotuba za Copenhagen, Paris au Dubai.

Kwa karatasi, Tanzania haikuchelewa. Mkutano wa Marrakech wa 2001 ulizipa nchi maskini zaidi duniani utaratibu wa kuandika mipango yao ya haraka ya kuhimili tabianchi, na Tanzania ikawasilisha wa kwake mwaka 2007. Ukafuata mkakati wa taifa wa 2012, halafu mwingine wa kuanzia 2021 hadi 2026. Zote zimetoka Ofisi ya Makamu wa Rais, ambako ndiko mazingira yalikowekwa. Zina lugha nzuri. Zinataja pwani, kilimo, maji, afya, misitu, na zinataja mafuriko ya mijini.

Tatizo ni kwamba ofisi iliyoziandika haina viwanja vya kugawa. Viwanja viko Wizara ya Ardhi. Mitaro na barabara za mitaa ziko TAMISEMI. Fedha ziko Hazina. Katika yote yaliyoandikwa, kitu kimoja tu cha mazingira ndicho kilichofika bondeni na kugonga mlango wa mtu, nacho ni namba: mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaihesabu ardhi hiyo kuwa ya hatari. Mita 60 hazihitaji bajeti. Zinahitaji kamba ya kupimia na kopo la rangi nyekundu.

Turudi nyuma kidogo. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, unashuka kupitia Gongo la Mboto na Vingunguti, unafika Kigogo na Jangwani, kisha unamwaga baharini pale Salenda. Jiji lilipangwa kwa ramani kuu ya 1949, ikaja ya 1968, ikaja ya 1979. Baada ya hapo jiji likaacha kufuata ramani likafuata watu. Aliyetoka Lindi, Kilosa au Kigoma na kutafuta kibarua Kariakoo alihitaji chumba ambacho angeweza kukilipia na kukifikia kwa miguu. Chumba hicho kilikuwa bondeni. Mjumbe alimpokea, shirika la umeme likamvutia nyaya, maji ya bomba yakafika, kodi ya jengo ikadaiwa, na kila uchaguzi sanduku la kura likaletwa. Wengine walipewa hata leseni za makazi, zile zilizoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa. Kwa hiyo serikali iliyomwambia mtu kwamba hayupo kisheria ndiyo iliyokuwa ikimtumia bili kila mwezi.

Desemba 20, 2011, siku 11 tu baada ya sherehe za miaka 50 ya uhuru wa Tanganyika, mvua ilianza kunyesha na haikukatika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilieleza kuwa jiji halikuwa limepata mvua ya namna ile tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Wengine walikaa juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ikaamua kuwahamishia waathirika Mabwepande, huko karibu na Bunju, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka walikokuwa. Wakapewa viwanja na mahema.

Ilikuwa hatua ya kibinadamu, na hatutaki kuibeza. Lakini Mabwepande ya wakati ule ilikuwa pori. Mama lishe aliyekuwa akitoka Jangwani saa kumi alfajiri na kufika Kariakoo kwa miguu, sasa alitakiwa apande magari mawili au matatu, na nauli peke yake ilimaliza faida ya sufuria moja ya wali. Haikuchukua muda magazeti yakaanza kuripoti kwamba wapo waliouza viwanja na kurudi bondeni. Viongozi wakakasirika. Likazaliwa neno ambalo lilitawala kwa miaka: "wakaidi wa mabondeni".

Hapa inabidi tukiri jambo. Sisi tuliokuwa tukiandika habari Dar es Salaam miaka ile tulilibeba neno hilo kama tulivyopewa. Tuliliweka kwenye vichwa vya habari. Hatukukaa na mtu mmoja aliyerudi tukapiga naye hesabu ya nauli. Ingetuchukua dakika kumi.

Sera ya pili ilikuja Desemba 2015. Rais John Magufuli alikuwa ameapishwa mwezi uliotangulia na kila ofisi ilitaka kuonekana inafanya kazi. Maofisa wa mazingira na wa ardhi walipita Mkwajuni, Hananasif, Magomeni na Jangwani wakipaka alama ya X kwenye kuta, na nyuma yao yakafuata matingatinga. Nyumba zilivunjwa wiki ile ya kuelekea Krismasi. Watu walitoa vitanda, mabati na milango ya mninga na kuvipanga kando ya barabara. Kelele zilipozidi, kazi ikasimamishwa hadi baada ya mwaka mpya, na baadhi ya wakazi wakakimbilia mahakamani. Fidia haikuwapo. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi: huwezi kumlipa mtu aliyejenga mahali palipokatazwa.

Kisheria hoja hiyo ina miguu. Lakini itazameni pamoja na jambo la pili lililokuwa likitokea bonde lile lile. Pale pale Jangwani, mita chache kutoka zilipovunjwa nyumba, ilikuwa imejengwa karakana kubwa ya mabasi ya mwendokasi. Ilijengwa na serikali, ndani ya mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, katikati ya uwanda ambao kila mtoto wa Magomeni anajua kuwa mto hulala hapo ukijaa. Mafuriko ya Aprili 2018 yaliingia ndani ya karakana hiyo na kuharibu mabasi, na haikuwa mara ya mwisho. Mama lishe kujenga banda bondeni aliitwa mkaidi. Sisi bado tunatafuta jina la aliyeegesha mabasi ya mabilioni hapo.

Tunalitaja hili kwa sababu moja. Sera ya kuhimili tabianchi haiandikwi na ofisi ya mazingira peke yake. Mhandisi anayechagua mahali pa karakana anaiandika. Anayetoa kibali cha kiwanda Vingunguti anaiandika, na anayeacha mchanga uchimbwe juu ya mto, ukajaza chini, naye anaiandika. Mwisho wa yote, anayekumbana na mita 60 ni yule asiye na wa kumpigia simu.

Sera ya tatu ndiyo inayoendelea. Baada ya mafuriko ya 2018 serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliitisha mazungumzo marefu na wataalamu, manispaa na wakazi, na mwaka 2019 ukatoka mpango wa bonde zima. Septemba 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 200, na Uholanzi na Hispania zikaongeza fedha zao. Kazi zenyewe ni kuchimba na kupanua mto, kuinua kingo, kujenga daraja jipya refu la Jangwani, kuihamisha ile karakana, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji ambayo maji yanaweza kuingia na kutoka bila kuua mtu. Watu wa bondeni wanapaswa kuhama. Safari hii wanahesabiwa, nyumba zao zinathaminiwa, na wanalipwa.

Mtu mwenye kibanda kile kile, asiye na hati ile ile, ndani ya mita 60 zile zile, mwaka 2015 alipata X na tingatinga. Miaka michache baadaye mwenziwe akaitwa kufungua akaunti ya benki apokee malipo. Kuna sheria gani ya Tanzania iliyobadilika hapo katikati? Kwa tunavyofahamu, hakuna. Kilichobadilika ni mkopeshaji. Masharti ya Benki ya Dunia yanasema kwamba mtu anayehamishwa na mradi wake alipwe kwa nyumba yake na asaidiwe kuanza upya, hata kama hana haki ya kisheria juu ya ardhi. Serikali iliyakubali masharti hayo ilipotia saini mkopo. Kwa maneno mengine, haki ya mkazi wa Jangwani iliingia nchini kama kiambatisho cha mkataba wa fedha.

Wapo watakaosema, kwani ubaya uko wapi, mradi wamelipwa? Nasi tunafurahi wamelipwa, ingawa mwaka 2023 wengi walilalamika kuwa kilichothaminiwa hakitoshi hata kununua kiwanja mahali penye daladala. Nyumba ya udongo na mabati, ukiithamini kama nyumba, ni fedha kidogo. Thamani yake halisi ilikuwa kule kuwa karibu na Kariakoo, na hilo halina safu kwenye fomu ya mthamini. Kuna pia mpangaji. Nyumba nyingi za bondeni ni za vyumba vya kupanga, na mpangaji hana ukuta wa kuthaminiwa. Anahama na godoro lake, anatafuta chumba kingine cha bei ile ile, na chumba cha bei ile ile kiko kwenye bonde jingine.

Kuna suala la nani ameshika kalamu. Mto Msimbazi unapita kwenye manispaa zaidi ya moja na unaanzia mkoa mwingine kabisa, Pwani. Chombo kilichokuwa juu ya manispaa zote, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kilivunjwa Februari 2021 na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Mradi uko mikononi mwa TAMISEMI, yaani serikali kuu. Diwani wa Kigogo anaweza kuuliza maswali, lakini hawezi kubadili mchoro. Wenzetu wa Zanzibar wanalijua hili kwa namna yao. Mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina mkakati wake wa tabianchi tangu 2014, wakati mashamba ya mpunga ya Pemba yanazidi kuingiwa na maji ya chumvi. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, na dirisha la taifa la kuombea fedha kwenye Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Una shamba lako, una mpango wako, barua ya maombi inapita kwa jirani.

Wasomaji wetu wa Kenya wataona kwao mambo ni bora, na kwa karatasi ni kweli. Kenya ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, ikaweka baraza linaloongozwa na Rais mwenyewe. Kaunti za Isiolo, Wajir, Garissa, Kitui na Makueni zilitangulia kujaribu mifuko ya kaunti ambamo kamati za wadi huchagua wenyewe kama wanataka kisima, lambo au uzio wa malisho. Mtindo huo baadaye ukaenezwa nchi nzima, kaunti zikitakiwa kutenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti zao za maendeleo. Tanzania nayo ilijaribu jambo kama hilo Longido, Monduli na Ngorongoro. Mfugaji anajua kisima kichimbwe wapi, na mahali alipoulizwa, pesa kidogo zilifanya kazi kubwa.

Lakini ikaja mvua ya Machi hadi Mei 2024. Karibu watu 300 walikufa nchini Kenya. Serikali ikatoa amri kwamba wote walio ndani ya mita 30 za mito ya Nairobi waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru mvua ikiendelea kunyesha. Rais William Ruto alifika Mathare na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Kwa hiyo nchi yenye sheria, baraza, mfuko na kamati za wadi, siku ya siku ilifanya lile lile lililofanywa Dar es Salaam mwaka 2015. Zile kamati zilizosifiwa zilianzia vijijini na kwenye malisho. Mjini, kwenye kibanda cha mabati, hakuna kamati iliyoulizwa kitu.

Uholanzi, ambayo fedha zake ziko ndani ya mradi wa Msimbazi, ilipita njia kama hii kwa mwendo tofauti. Mwaka 1995 mito yao ilijaa na watu wapatao 250,000 wakaondolewa majumbani. Serikali ikaamua kuipa mito nafasi badala ya kuendelea kuinua kuta, maana yake mashamba fulani yaachwe yafunikwe na maji inapobidi. Mahali paitwapo Overdiepse Polder wakulima hawakusubiri kupakwa X. Walikaa, wakapiga hesabu, wakaja na pendekezo lao: tujengeeni vilima, tuinue nyumba na mazizi juu yake, na anayetaka kuondoka alipwe aondoke. Serikali ikakubali. Ilichukua miaka mingi, wengine waliondoka kwa uchungu, na wale ni wakulima wenye hati na mawakili. Hatusemi Jangwani ni Uholanzi. Tunasema fedha za Waholanzi zimefika bondeni, na ule utaratibu wa mkulima kuandika sehemu ya mchoro haukuandamana nazo.

Kwa sasa Msimbazi una macho ya wakubwa juu yake. Una wataalamu, una mkopo, una mabango ya mradi. Swali letu ni la mito isiyo na bango. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kwa mafuriko na maporomoko ya msimu ule, na wengi wao walikuwa mbali na Jangwani, Rufiji na Morogoro na kwingineko. Ndani ya Dar es Salaam yenyewe kuna Kizinga na Mzinga upande wa Mbagala, kuna Tegeta, kuna Mto Mbezi ambao kila mvua unakula ukingo na nyumba iliyo juu ya ukingo. Mkazi wa huko anaishi chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na mita zake 60. Hakuna mkopo uliosainiwa kwa jina la mto wake, kwa hiyo hakuna kiambatisho kinachomlinda.

Serikali inaweza kulimaliza hili bila kumwomba mtu yeyote dola moja. Ni kupeleka bungeni kifungu kinachosema kuwa anayehamishwa kwa sababu ya hatari ya mafuriko, awe na hati au asiwe nayo, awe mwenye nyumba au mpangaji, alipwe na apewe mahali anapoweza kufika kazini. Hesabu yake itakuwa kubwa, na Hazina itauliza zitoke wapi. Na ijibiwe hadharani, pamoja na bei ya yale mabasi yaliyolowa. Masika yajayo yatafika Machi kama kawaida, na huko Mbagala kuna watu ambao mpaka tunaandika hawajui kama atakayetangulia kufika kwao ni mthamini au mpaka rangi.